Gari la viti viwili: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma

Najua umeliona. Uko ndani ya matatu pale Waiyaki Way, foleni haisongi, mara linapita gari dogo jekundu lililofunguliwa paa. Dereva ni kijana wa rika lako, amevaa miwani ya jua, na mkono mmoja umeegemea mlangoni. Abiria wote wanageuza shingo. Kondakta anapiga mluzi. Nawe kimoyomoyo unasema: siku moja, Mungu akinijalia.

Mimi nilikuwa huyo dereva. Kwa miaka miwili, kuanzia Juni 2021 hadi Juni 2023, nilimiliki Mazda Roadster, gari ambalo nje ya Japani wengi hulijua kwa jina la MX-5. Nilikuwa na miaka 28 nilipolinunua. Nililiuza nikiwa na miaka 30, na siku hiyo nilipanda matatu kurudi nyumbani Kinoo nikiwa na furaha na majonzi kwa pamoja.

Sikuandikii kukuringia, wala kukutisha. Nakuandikia kwa sababu hadi leo kuna vijana wananiuliza, "Bro, lile gari lilikuwaje? Nami nitafute?" Jibu langu si la neno moja, kwa hivyo keti.

SI KASI, NI WEPESI

Wengi wetu tukisikia gari la spoti tunafikiria injini kubwa, kelele na kasi ya kutisha. Kuna aina nyingine ambayo siri yake ni wepesi. Badala ya kuongeza injini, waundaji wanapunguza uzito. Gari likiwa jepesi linaondoka haraka bila injini kubwa, linasimama kwa umbali mfupi na linakata kona bila kuyumba.

Roadster yangu ilikuwa ya kizazi cha tatu, ile iliyotengenezwa kati ya 2005 na 2015. Injini ni lita mbili, nguvu farasi 170, gia sita za kubadilisha kwa mkono, na uzito wa kama kilo 1,100. Kilo hizo ni karibu sawa na za Probox ya kubeba mboga! Prado inapita tani mbili. Sasa fikiria injini ya lita mbili kwenye kitu kisichozidi Probox sana kwa uzito, halafu wewe umekaa chini kabisa, karibu na lami. Ukienda kilomita 60 kwa saa unahisi kama unaenda 100.

Mtindo huu waliuenzi sana Waingereza. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, aliishi akihubiri wepesi, na gari lake la Lotus Elan la 1962 ndilo Wajapani walilitazama baadaye. Mnamo 1979, mwanahabari wa magari kutoka Marekani, Bob Hall, alimshawishi Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia ilihitaji tena gari dogo la paa la kufunguka, la bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia. Ilichukua miaka 10. Februari 1989, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, MX-5 ya kwanza ikazinduliwa ikiwa na injini ya lita 1.6 na uzito chini ya tani moja. Mnamo Aprili 22, 2016, gari la milioni moja la aina hiyo lilitoka kiwandani Hiroshima. Hakuna gari la spoti la viti viwili na paa la kufunguka lililouzwa zaidi ya hilo duniani.

Wajapani wana msemo wanaoutumia kulielezea: jinba ittai, yaani farasi na mpanda farasi kuwa kitu kimoja. Nilidhani ni maneno ya kuuzia gari tu, hadi nilipokamata usukani.

Na usidhani barabara zetu hazijawahi kuelewana na magari ya namna hii. Safari Rally ya 1971 ilishindwa na Edgar Herrmann akiendesha Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Waliyapitisha kwenye matope na vumbi ambavyo mimi nisingethubutu.

NILIVYOLINUNUA

Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu ndipo kosa langu lilipoanzia.

Gari lilitengenezwa 2009 na kuingia Kenya 2016. Kumbuka sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba Roadster za zamani huwezi tena kuagiza kutoka Japani. Zilizopo nchini ndizo hizo hizo, zinapita kutoka mkono hadi mkono. Ukitaka kuagiza ya kisasa, KRA itaanza kupiga hesabu kutoka bei ya gari likiwa jipya, ipunguze kulingana na umri, kisha ikuwekee ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyinginezo. Mwisho wa hesabu unaweza kukufanya uombe maji ya kunywa.

Mwenye gari alitaka Sh1.45 milioni. Mimi nilikuwa na Sh550,000 benki. Kwenye Sacco nilikuwa na akiba ya Sh300,000, na Sacco yetu hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Nikachukua Sh900,000 nzima, kwa miezi 48, riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye salio. Malipo yakawa karibu Sh23,700 kila mwezi.

Mkopo wa Sacco unahitaji wadhamini. Nilitafuta wanne kazini. Watatu walikuwa vijana wenzangu. Wa nne alikuwa mzee wetu wa ofisini, mtu wa miaka 50 na ushei, ambaye sote tulimwita Mzee. Alisaini bila kuniuliza mkopo ni wa nini. Aliniambia tu, "Kijana wangu, najua wewe si mtu wa ujinga."

Sikumwambia ni wa gari la viti viwili.

RAHA YAKE

Wacha nikwambie raha kwanza, kwa sababu ilikuwepo na sitaikana.

Mwaka huo bado tulikuwa na kafyu. Usiku ukiingia, kila mtu nyumbani, na ruhusa ya kutoka ilirudi saa kumi alfajiri. Jumapili nilikuwa naamka saa kumi na moja, nafungua paa kwa mkono mmoja, nawasha hita miguuni na kushika njia ya Ngong, Kiserian, hadi Corner Baridi. Hapo juu barabara inageuka, na Bonde la Ufa lote linafunguka mbele yako huku jua likichomoza mgongoni. Kutoka hapo kwenda Magadi ni kona na miteremko. Sikuwa nakimbia. Ndiyo maana nalisisitiza jambo hili: gari jepesi halihitaji mwendo wa kuvunja sheria ndipo ulifurahie. Unasikia harufu ya majani yenye umande. Unasikia kengele za mbuzi kabla ya kuwaona. Kila kona unaihisi kwenye usukani, kwenye kiti, hata kwenye nyayo za miguu.

Siku nyingine nilipanda Tigoni katikati ya mashamba ya chai, au nikateremka escarpment kuelekea Mai Mahiu na kusimama kwenye lile kanisa dogo la Waitaliano, lililojengwa na wafungwa wa vita mwaka wa 1942. Watoto walikuwa wanakuja mbio kuliangalia gari. Siku moja afisa wa trafiki alinisimamisha, akakagua bima, akalizunguka gari mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuketi ndani dakika moja tu. Aliketi. Alitabasamu kama mtoto.

Nilikuwa nimetoka chuoni kwenye wakati mgumu, nikasota miaka mitatu bila kazi ya maana. Gari hilo liliniambia kila asubuhi kwamba nimefika mahali. Ukweli ni kwamba nililihitaji kuniambia hivyo.

MAMBO AMBAYO PICHA HAZIONYESHI

Sasa sikiliza upande wa pili.

Kwanza matuta. Gari lina nafasi ya karibu inchi tano tu kutoka chini. Tuta la kawaida unalipanda kishazari, gurudumu moja moja, huku matatu nyuma ikipiga honi. Tuta la wananchi, lile lililotengenezwa usiku kwa mchanga na hasira, unashuka kwanza kulipima kwa macho. Nilijua matuta yote kati ya Kinoo na mjini kama ninavyojua majina ya ndugu zangu.

Pili, maji. Nyuma ya viti, chini ya paa la kitambaa, kuna vitundu vidogo vya kupitishia maji ya mvua. Kazini tulikuwa tunaegesha chini ya mijakaranda. Unajua Nairobi mwezi wa Oktoba, maua ya zambarau kila mahali, mabeshte wanapiga picha. Maua hayo yalianguka, yakaoza na kuziba vitundu. Mvua ya Novemba ilipokuja, maji yakakosa njia na kuingia ndani. Nilifungua mlango asubuhi nikakuta zulia linaelea. Fundi alinitoza Sh18,000 kung'oa viti, kukausha zulia na kuzibua, na harufu ya uvundo ilikaa hadi Februari. Dawa yake ilikuwa waya mwembamba wa plastiki na dakika tano kila mwezi. Hakuna aliyeniambia.

Tatu, spea. Injini yenyewe haikunisumbua. Ni ya familia moja na zile za Mazda Axela na Atenza za miaka hiyo, kwa hivyo filta, plagi na vitu kama hivyo nilivipata Kirinyaga Road bila shida. Lakini chochote cha bodi, paa au taa ni cha Roadster pekee. Boda boda alinigonga kioo cha pembeni pale Kangemi. Kioo hicho kilisafiri kutoka Japani kwa wiki saba.

Nne, bima. Kampuni mbili zilikataa kunikatia bima kamili, kwa umri wangu na aina ya gari. Ya tatu ilikubali kwa Sh62,000 kwa mwaka.

Lakini yote hayo ni pesa, na pesa hutafutwa. Kilichonishinda ni viti.

Desemba 2021 tulikuwa na ruracio ya dadangu nyumbani Kangema. Kila mtu wa familia alikuwa na kazi. Kakangu, mwenye Probox, alifanya safari tatu: soda, viti vya plastiki, sufuria, wapishi. Mimi nilibeba keki na shangazi mmoja. Shangazi akaomba nifungue paa ili majirani waone. Kufika Kenol kilemba kilikuwa kimeruka na hatukukiona tena. Tulicheka hadi machozi.

Jioni Baba alikuja kulitazama gari, fimbo mkononi. Gari halikuwa limefika nyumbani. Nililiacha kituoni Kangema kwa sababu njia yetu ya udongo mwekundu ina mtaro katikati, na sote tulikuwa tunamalizia safari kwa boda boda. Alilizunguka, akachungulia ndani, kisha akaniuliza, "Mimi na mama yako tukiugua siku moja, utambeba nani na utamwacha nani?"

Nilicheka. Sikuwa na jibu.

SIMU YA MZEE

Januari 2023 kandarasi yangu iliisha na haikuandikwa upya. Hakuna aliyenionea, tulipunguzwa wengi. Nilijiambia nitapata nyingine kufikia Machi. Februari nililipa Sacco kwa pesa za mwisho benki. Machi sikulipa. Aprili sikulipa.

Ungeniona wakati huo usingejua. Gari lilikuwa linang'aa. Niliosha mwenyewe kwa ndoo kwa sababu sikuwa na mia tatu za kuoshea. Nilikuwa nimeliegesha wiki nzima nikipima petroli: nilipolinunua lita moja Nairobi ilikuwa kama Sh127, na sasa ilikuwa inaelekea kupita Sh180. Majirani waliniona tajiri. Ndani ya nyumba nilikuwa nakula ugali na mayai.

Kisha Mei mwanzoni Mzee akapiga simu. Niliiangalia ikilia. Nilipokea ikikaribia kukatika.

"Kijana wangu," akasema, "sijakupigia kukudai. Nimepigia kujua kama uko sawa."

Alikuwa amepata meseji kutoka kwa Sacco. Huenda hujui wadhamini wanavyobanwa, kwa hivyo nikueleze. Mtu akikudhamini, sehemu ya akiba yake inafungwa hadi umalize. Ukishindwa, Sacco inaanza kula akiba yako, na isipotosha inageukia ya wadhamini. Hata kabla haijafika hapo, mdhamini anaweza kunyimwa mkopo wake mwenyewe kwa sababu akiba imeshikwa. Mzee alikuwa ameomba mkopo. Bintiye alikuwa amepita mtihani wa KCSE na alitarajiwa kujiunga na chuo kikuu mwezi wa Septemba. Sacco ilimwambia asubiri hadi jambo langu litatuliwe.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Najua utafanya la busara." Baada ya simu nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi za ploti, gari likiwa mbele yangu. Gari lilikuwa na viti viwili, lakini mkopo wake ulikuwa umebeba watu watano.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Usiku huo nilipiga picha 12 za gari na kuziweka mtandaoni.

KUSHUKA NDIO NGOMA

Kununua kulinichukua siku nne. Kuuza kulinichukua wiki tano.

Niliandika Sh1.4 milioni. Simu zikamiminika, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wanaolipenda gari ni wengi, wanaoweza kulinunua ni wachache, na wanaoweza kuishi nalo ni wachache zaidi. Wengi hawakujua gia za mkono. Mmoja aliuliza kama linaweza kuwekewa viti vya nyuma. Mmoja alitaka tubadilishane na Probox, aniongezee laki mbili. Mwingine alinipa ploti Joska. Kijana mmoja alikuja na mpenzi wake, wakapiga picha kwa dakika 40, wakashukuru na kwenda zao. Broka alifika na fedha taslimu Sh900,000 na kuniambia, "Boss, leo ni leo. Kesho nitakupa 850." Alijua nina shida. Broka mzuri husoma uso kama daktari.

Nilikaribia kumpa. Kilichoniokoa ni hesabu: deni la Sacco pamoja na malimbikizo lilikuwa karibu Sh594,000. Nilikuwa na nafasi ya kusubiri mwezi mmoja, si miwili. Nikaenda Sacco mwenyewe, nikaketi na afisa wa mikopo, nikamwonyesha tangazo la gari na kumwomba siku 30. Alikubali. Ningelifanya hivyo mwezi wa Machi, Mzee asingepata meseji yoyote. Ukikwama, nenda kabla hujaitwa.

Wiki ya tano alikuja mama mmoja, daktari wa meno kutoka Nakuru, mwenye miaka 52. Alikuja na fundi wake. Hakupiga picha hata moja.

"Kijana, niambie ukweli," akasema. "Hili paa huvuja?"

"Mama, paa halivuji. Lakini lilijaza maji mara moja kwa sababu ya vitundu." Nikamwonyesha vitundu, waya, na faili yangu ya risiti zote. Nikamwambia klachi imeanza kuchoka na shoki za mbele zinahitaji kubadilishwa. Kakangu alikuwa kando yangu akinikonyeza ninyamaze.

Tukaenda kulijaribu, mimi nikiwa abiria kwenye gari langu kwa mara ya kwanza. Alijifunza kuendesha kwa pikapu ya babake, alisema, kwa hivyo gia za mkono hazikumtisha. Kupita Kikuyu akafungua paa, na kwa kilomita tano hakusema kitu. Watoto wake walikuwa wamemaliza shule. Nyumbani kulikuwa na gari lingine la kubeba watu. Hili lilikuwa lake peke yake.

Nilikuwa nimeshuka hadi Sh1.3 milioni. Alitoa Sh80,000 za klachi na shoki, tukapeana mikono kwa Sh1.22 milioni.

Ukifika hatua hiyo, shika haya. Usimwachie mtu ufunguo ajaribu gari peke yake. Nenda naye, na kwanza uone kitambulisho na leseni. Andikianeni mkataba wa mauzo mbele ya wakili. Kwa kiasi kikubwa namna hii M-Pesa haitoshi, kwa kuwa kwa siku haizidi Sh500,000, kwa hivyo mtatumia benki. Subiri hadi uione pesa kwenye akaunti yako, si picha ya skrini aliyokutumia. Kisha anzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, naye akubali upande wake. Usikubali ile ya "tutabadilisha baadaye". Gari likigonga mtu au likitumika kwa uhalifu, jina litakalosomwa ni lako. Mwisho, iarifu kampuni ya bima na uulizie kama kuna salio la kurudishiwa.

Jioni hiyo hiyo nililipa Sacco yote, nikamtumia Mzee picha ya risiti. Alijibu, "Asante, kijana wangu. Sasa lala." Mkopo wake ulipita baada ya wiki mbili. Septemba bintiye aliingia chuo.

HESABU BILA KUFICHA

Baadaye nilichukua karatasi nikaandika kila kitu. Nakupa jinsi kilivyo.

Hasara ya bei, yaani kununua kwa Sh1.45 milioni na kuuza kwa Sh1.22 milioni: Sh230,000. Riba niliyolipa Sacco: karibu Sh168,000. Bima miaka miwili: Sh124,000. Magurudumu manne: Sh68,000. Huduma na matengenezo, pamoja na yale mafuriko ya zulia: Sh96,000.

Jumla ni Sh686,000. Gawanya kwa miezi 24 upate karibu Sh28,600 kila mwezi, na hapo sijahesabu petroli, maegesho wala kuoshwa. Niliendesha kilomita 17,000 pekee. Kila kilomita moja ilinigharimu zaidi ya Sh40 kabla hata sijaweka mafuta.

Je, ni pesa iliyopotea? Si yote. Zile Jumapili za Magadi nazikumbuka vizuri kuliko mwaka mzima wa kazi. Lakini sehemu fulani ya pesa hizo sikununua raha, nilinunua macho ya watu. Hiyo ndiyo iliyopotea.

KAMA BADO UNALITAKA

Sitakuambia usinunue. Nakuomba ujiulize mambo manne.

Hili ni gari la kwanza au la pili? Kama ndilo la pekee, waza nani hubebwa na wewe: wazazi, mtoto, dada anayehama nyumba. Gari la viti viwili linawaambia wote watafute njia nyingine.

Pesa ni zako? Ukitumia mkopo wa wadhamini, waambie mkopo ni wa nini. Kama unaona aibu kuwaambia, hiyo aibu ndiyo jibu.

Unaweza kulipa miezi sita bila mshahara? Mimi niliweza mmoja tu. Kandarasi haina mjomba.

Unajua utaliuzia nani? Vitz inauzwa wikendi moja. Gari la spoti linasubiri mtu wake, na mtu wake huenda anaishi Nakuru na bado hajakusikia. Kwa hivyo weka risiti zote tangu siku ya kwanza, zibua vitundu kila mwezi, na ukiona mambo yanaanza kukwama, uza mapema ukiwa bado na nafasi ya kumkataa broka.

Mwaka jana nilikuwa kiti cha mbele cha matatu tukielekea Naivasha. Kwenye escarpment tukapishana na Roadster nyekundu, paa wazi. Nilisoma nambari nikajua ni lenyewe. Kwenye kiti cha abiria alikuwa ameketi nyanya mmoja mzee sana, kitambaa amekifunga kidevuni kwa fundo imara. Nilipunga mkono. Hawakuniona.

Je, ningenunua tena? Ndiyo. Lakini kwa pesa taslimu, na baada ya kuegesha nje ya nyumba gari la kwanza, lenye viti vya nyuma vya kutosha Baba na Mama wote wawili.